Kisanduku cha Nyumba ya Eda

Dada yangu Lamya tulimzika Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri, na wanaume waliorudi makaburini Mwanakwerekwe walituambia safu za waliomsalia zilikuwa nyingi kuliko walivyotazamia. Maradhi yalimchukua kwa wiki tano tu. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Aliyetupa ndiye aliyemtwaa. Tunasema alhamdulillahi na huku machozi yanatutoka.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja kutoka Makunduchi, Mzee Borafya Mcha, aliyefanya kazi pamoja na Lamya. Alikaa barazani muda mrefu. Alipoinuka kuaga aliniita mlangoni.

"Thuwaiba, wewe ndiye uliyefuatana naye siku ile. Iandike. Mimi nikifa na wewe ukisahau, nani atajua?"

Basi naiandika.

Lamya alizaliwa Kiponda mwaka 1975, mimi nikamfuata baada ya miaka miwili. Mama yetu, Bi Mwanamwema, alikuwa na sahani mia mbili na masufuria manane makubwa, na hapana harusi wala hitma ya mtaani ambayo vyombo vyake havikwenda. Wenye kuazimisha vyombo walikuwa wengi, kwa hivyo kila nyumba ilikuwa na alama yake ya rangi chini ya sahani. Sisi duara jekundu. Jirani yetu Bi Sichana, mistari miwili ya kijani. Shughuli ikimalizika, Lamya ndiye aliyekaa uani akapindua sahani moja moja na kuzirejesha kwa wenyewe, tangu ana miaka kumi.

Mwaka mmoja, 1985 nadhani, baada ya harusi zilizidi sahani kumi na mbili zenye nukta nyeupe. Nukta nyeupe hapana aliyeijua. Wanawake wakaanza kutazamana, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba zimechukuliwa mahali. Lamya akaikwangua ile nukta kwa ukucha. Chini yake ikatokea kijani. Bi Sichana alikuwa amepaka upya kwa rangi iliyobaki ya mlango, akasahau kuwaambia watu. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini, na yule aliyenong'ona alicheka kuliko wote.

Alipomaliza skuli ya sekondari, Lamya alisomea upigaji chapa, kisha kompyuta, na mwaka 2001 akapata kazi kwenye kampuni ndogo ya mtandao huko Vuga. Walimwajiri apokee simu. Kwa kuwa meza yake ilikuwa karibu na skrini ya tahadhari, wakampa na hiyo aiangalie. Mafundi walimwita Bi Kengele.

Nieleze ile skrini kama alivyonieleza mwenyewe, maana bila ya hayo kisa hakifahamiki. Kampuni ilikuwa na antena zake juu ya mapaa ya Mji Mkongwe, kila moja na kisanduku chake ndani ya nyumba, vikirushiana mtandao kutoka nyumba hadi nyumba. Kisanduku kikipata jambo, kama kuzimika na kuwaka tena, kilijiletea habari chenyewe ofisini. Habari hiyo ndiyo waliyoiita tahadhari. Ndani yake mlikuwa na namba ya kisanduku iliyotiwa kiwandani, tarakimu na herufi kumi na mbili. Kompyuta ilikuwa na daftari lake la namba. Ikiiona namba inayoijua, inaandika jina la nyumba: Malindi, Hurumzi, Baghani. Isipoijua, inaiacha namba tupu, kwa rangi nyekundu.

Mwezi wa tano mwaka 2003 Lamya aliona namba tupu. Akatazama nyuma, akaikuta imo tangu mwezi wa pili, karibu kila siku, imezama katikati ya mamia ya tahadhari nyengine. Na haikuwezekana kujua imetoka nyumba gani, kwa sababu visanduku vyote vya upande ule vilipitisha habari zao kwenye mnara mmoja, na kompyuta iliuona mnara tu.

Alifanya alivyoagizwa. Akaandika karatasi: Tunapokea tahadhari za kifaa kisichojulikana. Akampelekea meneja, Bwana Basil.

Bwana Basil hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa haraka. Alishuka stoo, akahesabu visanduku, akakuta kimepungua kimoja. Akawaita wote.

"Kifaa kisichokuwemo daftarini kimetoka wapi? Kimeshuka na mvua? Stoo kimepungua kisanduku kimoja, na mtaani kuna kisanduku kimoja tusichokijua. Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Mimi," alisema Mzee Borafya. Alikuwa fundi mkongwe kuliko wote, mtu wa nyaya za simu tangu ujanani.

"Kisanduku kiko wapi?"

"Kimetoka kwa kazi."

"Kazi gani? Fomu iko wapi?"

"Fomu hapana."

"Ulimpa nani?"

Mzee Borafya alivua kofia yake, akaitazama. Mazin, fundi kijana, hakuweza kuuzuia mdomo wake. "Mzee kashafungua kampuni yake Makunduchi, anawauzia mtandao pweza!"

Watu wakacheka. Mzee Borafya hakucheka.

"Hutaki kusema, au huwezi?" aliuliza meneja.

"Yote mawili, bwana."

"Basi una mpaka Jumamosi asubuhi. Ukiwa hujasema, kazi huna, na jambo hili nalipeleka polisi."

Ilikuwa Jumatano. Lamya alimkimbilia mzee kwenye ngazi.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe. Mie ndiye nliyeandika."

"Marahaba, mwanangu. Hukusema uongo. Umeiona namba, umesema umeiona."

"Basi niambie mie peke yangu. Ulimpa nani?"

"Nliyempa hawezi kujibu. Na mimi simtaji mtu asiyeweza kujibu, wakapelekwa watu kwake wakapekue." Akavaa kofia yake, akatoka.

Usiku ule Lamya hakula. Mama alimpakulia mara mbili. "Nliandika hakijulikani," aliniambia. "Wao wakasoma kimeibwa. Miaka thelathini ya mzee, Thuwaiba, imekwenda kwa neno langu moja." Alisali, akaomba sana, nikamsikia akilitaja jina la mzee katika dua.

Alkhamisi asubuhi alimwendea meneja na kumwomba ruhusa ya kuitafuta ile namba.

"Wewe?" alisema Bwana Basil. "Mafundi wangu watatu wamezunguka nyumba zote kwenye mwezi wa tatu, wakaandika kila kisanduku. Nyumba ishirini na sita. Utapata nini wewe kwenye kiti chako?"

"Sijui, bwana. Nipe karatasi za printa tu."

Alichapisha tahadhari zote za namba ile, akazitandaza sakafuni, akazikalia kama alivyokuwa akizikalia sahani. Kila tahadhari ilisema jambo moja: nimezimika, nimewaka tena. Kwanza alidhani ni umeme wa mtaa, ambao siku zile ulikatika utakavyo. Lakini umeme ukikatika visanduku vya jirani navyo hulalamika, na hivi vilikuwa kimya. Kwa hivyo kulikuwa na mtu anayekizima hicho kimoja. Akatazama saa. Mwezi wa pili kiliwaka tena kiasi cha saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwezi wa tatu, na dakika ishirini na kitu. Sasa mwezi wa tano, saa kumi na mbili kamili. Saa ilikuwa ikirudi nyuma kidogo kidogo, siku baada ya siku.

Mazin alipita, akamchungulia. "Bi Kengele, unapiga ramli?"

"Nyamaza, nnahesabu."

Ukutani mwa ofisi kulikuwa na karatasi ya nyakati za sala, zile zinazogawiwa msikitini. Lamya aliinua macho kuangalia kama alasiri imeingia, na macho yake hayakushuka tena. Akaibandua karatasi ukutani. Akaiweka kando ya tahadhari, mstari kwa mstari. Kila siku kisanduku kiliwaka tena robo saa kabla ya magharibi. Magharibi ikirudi nyuma, nacho kikarudi nyuma.

"Mashine haijui magharibi," aliniambia jioni ile, macho yanamng'ara. "Aijuaye ni mtu. Kuna watu wanakusanyika mahali baada ya alasiri na wanaondoka wawahi kusali majumbani kwao. Wakiwa pale wanakichomoa, wakikaribia kuondoka wanakichomeka."

"Watoto wa chuo," nilimwambia.

"Nlidhani hivyo. Lakini chuo hakisomeshi Alkhamisi na Ijumaa. Hawa hawana mapumziko."

Mama alikuwa anachambua mchele, hajainua hata kichwa. "Kila siku baada ya alasiri? Si sisi hao. Tunaokwenda kumsomea marehemu kwa Bi Kidawa, Sokomuhogo. Tunasoma juzuu zetu, tunakunywa chai, tunaondoka kabla ya adhana."

Lamya akakaa chini.

Bi Kidawa alikuwa mjane wa Abrahman Duni. Na Abrahman Duni, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kampuni ileile, rafiki wa Mzee Borafya, aliyefariki ghafla siku ya tatu ya Idd Kubwa mwaka ule. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zile ishirini na sita; paa lake lilibeba antena.

Lamya akarudi kwenye karatasi, akatafuta tahadhari ya kwanza kabisa ya namba ile. Ilikuwa ya mkesha wa Idd Kubwa.

"Asiyeweza kujibu," alisema polepole. "Mzee kampa Abrahman. Na Abrahman kafa. Na mjane yuko ndani ya eda, na mzee hataki mwanamme aingizwe mle kupekua." Akajipiga paji la uso. "Na wale mafundi wa mwezi wa tatu! Unadhani waliingia? Nyumba ya mwanamke wa eda?"

Ijumaa baada ya alasiri tulikwenda Sokomuhogo, mama, Lamya na mimi, na misahafu yetu mkononi kama wanawake wengine. Tulisoma kwanza. Lamya hakutaka kuuliza kabla ya kusoma. Alisema tumekuja kwa marehemu na kwa kisanduku, lakini marehemu yuko mbele. Tulipomaliza kuomba dua, mwanamke mmoja akainuka na birika la umeme. Akaenda pembeni mwa chumba, akachomoa kitu kwenye tundu la umeme, akachomeka birika.

Lamya alinibana mkono.

"Bi Kidawa, shikamoo," alisema. "Kile kilichochomolewa ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kile kidude? Cha marehemu, cha kazini kwao. Tundu ni moja tu linalofanya kazi, nasi chai tunaitaka. Chai ikichemka tunamrejeshea kidude chake."

"Kiko wapi chenyewe?"

Bi Kidawa, aliyekuwa amejifunika nguo nyeupe na miezi mitatu hajacheka, aliona haya kidogo. Akaonyesha ukutani, kwenye kitu kilichofunikwa kanga mbili.

"Nimekifunika. Kina kitaa cha kijani, usiku kucha kinanikonyeza. Mwanamke wa eda mie, nakonyezwa ndani ya nyumba yangu!"

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Bi Kidawa naye alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena, na mama akamshika mkono.

Lamya akazitoa kanga. Akakitungua kisanduku, akakipindua. Namba ilikuwa chini, kwenye karatasi ndogo iliyogundishwa. Alitoa karatasi yake ya printa mfukoni mwa buibui, akazisoma mbili hizo kwa sauti, herufi moja moja, na wanawake wakimsikiliza kimya kama wanaosikiliza dua. Zote kumi na mbili zilikuwa sawa.

"Bi Kidawa, mafundi hawakuja kukitazama hiki kwenye mwezi wa tatu?"

"Walikuja wawili. Walisimama mlangoni, wakatoa pole, wakaondoka. Waingie wafanye nini, na mimi niko eda? Watoto wenye adabu."

"Na kabla ya hiki kulikuwa na chengine?"

"Kulikuwa na cha zamani, kikafa kwa chumvi. Mkesha wa Idd marehemu akaja na hiki kipya, nikamwambia, bwana, hata siku ya Arafa? Akasema kuna zahanati huku nyuma inategemea paa letu, haiwezi kukaa Idd nzima bila ya mtandao." Akamwagiza mwanamke mmoja alete katoni kutoka juu ya kabati. "Cha zamani kimo humu. Sikukitupa. Vitu vyake sijavigusa."

Ndani ya katoni mlikuwa na kisanduku kilichooza kwa kutu, kimefungwa gazeti. Na juu ya gazeti, fomu ya stoo. Abrahman alikuwa ameijaza kwa mwandiko wake wa kulala: amepokea kisanduku kimoja kutoka kwa Borafya Mcha, namba ile ile, kwa ajili ya Sokomuhogo, tarehe ya mkesha wa Idd. Na chini yake: Ofisi imefungwa kwa sikukuu, fomu nitaileta Idd ikimalizika.

Idd ilimalizika, na yeye hakuwepo tena.

Lamya aliisoma fomu mara mbili, akaikunja, akamwomba Bi Kidawa ruhusa ya kuichukua.

"Ichukue," alisema Bi Kidawa. "Ile ilikuwa amana yake, ifikishe."

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza Lamya mpaka ofisini kwa sababu katoni ilikuwa nzito. Mzee Borafya alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wa meneja, amevaa kanzu safi kama anakwenda sala ya Ijumaa. Lamya alimwamkia. Aliingia, akaweka mezani kisanduku kibovu, karatasi za printa, karatasi ya nyakati za sala, na juu ya vyote fomu.

Bwana Basil alisoma. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Lakini nyumba hii imo daftarini," alisema. "Na tukiiuliza kwa kompyuta inajibu kila siku!"

"Inajibu, bwana. Marehemu alikipa kisanduku kipya anwani ya kile cha zamani, ili watu wa zahanati wasipate tabu. Sisi tukiita kwa anwani ya zamani, kipya kinaitika naam, nasi tunaridhika. Lakini kikituletea habari chenyewe, kinatia namba yake ya kiwandani, na hiyo sisi hatunayo. Iliyomo daftarini ni ya kile kilichooza."

"Na mafundi walioandika mwezi wa tatu?"

Mazin alikuwa mlangoni. "Tuliona haya kuingia, bwana. Tulinakili namba kwenye faili la zamani."

Kisha Bwana Basil akatoka mwenyewe mpaka kwenye benchi, na hili namhesabia. Akainama mbele ya Mzee Borafya akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, kwa nini hukuniambia ulimpa Abrahman?"

"Ningekwambia, ungeniuliza fomu. Fomu sina. Ningekuwa nimemtia mwizi kaburini mtu asiyeweza kusimama kujitetea, na nimekupeleka wewe na polisi kwenye nyumba ya eda. Nikaona heri niondoke mimi."

"Nisamehe."

"Nshakusamehe tangu Jumatano. Lakini huyu mnayemwita Bi Kengele ashukuriwe kwa jina lake."

"Lamya," alisema meneja mbele ya wote, "kuanzia leo simu atapokea mtu mwengine. Wewe uko na mafundi."

"Na daftari, bwana?" alisema Lamya. Hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu.

"Na daftari ni lako."

Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kukipindua kila kisanduku cha mji mzima na kuisoma namba kwa macho yake. Kwenye nyumba za wanaume alipeleka mafundi. Kwenye nyumba ambazo mafundi waliona haya, aliingia yeye. Alizikuta namba nyengine nne zisizo sawa. Na alimpelekea Bi Kidawa tundu la umeme la ziada, ili birika na kidude visigombane tena.

Lakini hiyo ilikuwa wiki iliyofuata. Jumamosi ile ile, jioni, Lamya alikaa mbele ya skrini kuitia namba ndani ya daftari la kompyuta. Mzee Borafya alikuwa nyuma yake, na Mazin, na Bwana Basil. Kompyuta ilitaka jina. Nyumba nyengine zote zilikuwa na jina la mtaa. Lamya alifikiri kidogo, akaandika Abrahman.

Wakangojea. Magharibi ilikuwa karibu. Sokomuhogo wanawake walikuwa wakimaliza chai yao.

Mstari ukatokea, na haukuwa mwekundu tena: Abrahman, kimewaka upya.

Mzee Borafya alisema, "Allah amrehemu," kisha bega likaanza kumtikisika, na Lamya akadhani analia, kumbe anacheka.

"Kaleta fomu yake," alisema mzee. "Kachelewa, lakini kaileta."

Kisha adhana ikalia, wakainuka wote kwenda kusali.